Vibali vya umeme vifupishwe sasa, tusisubiri mgao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo Watanzania hulikumbuka mgao ukishaanza: muda unaoliwa na vibali vya kujenga mitambo ya kuzalisha umeme. Nalileta leo makusudi, kwa sababu tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uwashwe Februari 2024 tumepata ahueni, na ahueni ndiyo inayotulaza.

Bwawa hilo lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja. Ni kazi kubwa na naipongeza. Lakini Mtera, Kidatu na Kihansi, stesheni nyingine za umeme wa maji, nazo ziko bonde hilohilo la Rufiji. Mvua zikikosekana Nyanda za Juu Kusini, zote zinaumia kwa pamoja. Mwishoni mwa 2023 mchomeleaji wa mtaani kwetu alikuwa analala mchana na kuamka saa nane usiku umeme unaporudi, amalizie mageti ya watu kabla haujakatwa tena. Wanafunzi wake wawili waliacha kazi.

Serikali ikibanwa hivyo hutafuta njia ya mkato. Mwaka 2006 ukame ulipoikausha Mtera, mkataba na kampuni ya Richmond wa megawati 100 za dharura ulisainiwa Juni. Mitambo ikachelewa, mvua zikarudi, na Kamati Teule ya Bunge ikaja kubaini kwamba kampuni yenyewe haikuwa na uwezo wa kazi hiyo. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Wengi wanakumbuka siasa za sakata lile. Linaloniuma mimi ni kwamba muda ulibanwa penye uchunguzi wa mzabuni, mahali ambapo haukupaswa kubanwa hata kidogo.

Haraka inahitajika kwingine. Chukua ushirika wenye maporomoko yanayoweza kutoa megawati 5 huko Ludewa. Unahitaji muhtasari wa mkutano wa kijiji, uhawilishaji wa ardhi, yaani kuibadilisha kutoka ardhi ya kijiji, kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya bonde, cheti cha mazingira kupitia NEMC, baraza la taifa la mazingira, mkataba wa kuiuzia TANESCO umeme na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Kila kimoja kina sababu yake. Kinachochosha ni faili kwenda ofisi moja baada ya nyingine: huku hawafungui ukurasa mpaka waone mhuri wa kule, na kule wanadai barua ya huku. Benki nayo haigusi mradi mpaka karatasi zote zitimie. Masista Wabenediktini wa Chipole walivumilia mpaka mtambo wao wa Tulila, kwenye Mto Ruvuma, ukatoa umeme. Si kila mwenye maporomoko ana uvumilivu wa masista.

Kwa nini ofisi zote zisipokee maombi siku moja na kuyafanyia kazi sambamba, kila moja ikiwa na tarehe ya mwisho ya kujibu? Na kwa nini miradi midogo isipunguziwe mzigo? Sheria ya Umeme ya 2008 haimdai leseni mzalishaji wa chini ya megawati 1. Wakati huohuo mkataba wa mfano wa kuuziana umeme tunao tayari kwa miradi isiyozidi megawati 10. Basi kiwango cha msamaha wa leseni nacho kipandishwe hadi megawati 10, mzalishaji ajisajili tu EWURA. Afrika Kusini, ilipokuwa taabani kwa mgao, ilipandisha kiwango chake kutoka megawati 1 hadi 100 mwaka 2021, na mwaka 2023 ikaondoa kikomo chenyewe, leseni isidaiwe hata kwa mitambo mikubwa zaidi. Usajili na masharti ya mazingira vikabaki.

Nasisitiza hayo ya mazingira kwa sababu ya Kihansi. Chura yule mdogo aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko alikuja kugunduliwa mwaka 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakauka, na kufikia 2009 chura huyo alitangazwa kutoweka porini. Tukaanza kuwarudisha kutoka Marekani, walikokuwa wakizalishwa kwenye bustani za wanyama. Kwa hiyo ofisi ya mazingira ikikaa kimya tarehe ikapita, ukimya huo usihesabiwe kuwa ruhusa. Mkuu wa ofisi aeleze kwa maandishi kilichomkwamisha, na mwombaji apewe nakala.

Wakati tunasubiri sheria kurekebishwa, Wizara ya Nishati inaweza kuanza na hili: ibandike hadharani kila mwezi orodha ya maombi yote ya mitambo ya umeme, ikionyesha yalipokewa lini, yako ofisi gani na yamekaa hapo siku ngapi. Kazi hiyo haihitaji Bunge wala fedha za wafadhili.

Msomaji wako,
Iringa