Jumamosi tunapika gulasz

Wapendwa, habari za jioni. Wiki hii zamu ya Wapoland, maana tunaishi kwao na bado tunapika pilau tu. Ni gulasz, mchuzi mzito wa nyama ya ng'ombe. Asili yake Hungaria, ila hapa kila nyumba ina wake.

Buchani ombeni pręga, nyama ya muundi, kilo 1. Ile iliyokatwa tayari iacheni, huchanganywa vipande visivyoiva pamoja. Pręga ina mishipa mingi, msiogope: ndiyo inayoyeyuka na kufanya mchuzi unate mdomoni.

Kaangeni nyama kidogo kidogo hadi iwe kahawia. Mimi mara ya kwanza niliimwaga yote kwa pupa, ikatoa maji, ikachemka badala ya kukaangika, rangi ya kijivu kama kitambaa cha deki! Kisha vitunguu 3 vikubwa. Sufuria ikiwa nje ya moto, tieni vijiko 2 vya paprika tamu, unga wa pilipili nyekundu isiyowasha. Ikiungua ni chungu. Maji, majani 2 ya liść laurowy (bay leaf), punje 4 za ziele angielskie (allspice), moto mdogo saa 2 na nusu. Majeranek (marjoram), majani makavu ya kunukia, mwishoni, ukiusugua viganjani.

Wenyewe hula na kasza gryczana, punje za buckwheat zilizochemshwa, na matango ya kuchachusha. Atakayesonga ugali simlaumu.

Tunaanza saa 5 asubuhi, kila mtu jikoni kwake. Tumeni picha za sufuria, hata zilizoungua.