Anabisha Nje

Umoja, Nairobi
Jumapili jioni

Dada yangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Barua yako ilinikuta nikianua nguo, nikaisomea pale pale kambani, soksi za watoto begani. Kwa hiyo mmeambiwa huko kwenu kwamba Wimbo Ulio Bora katika Biblia ni wa semina za wanandoa tu, wengine wauruke waende Isaya. Nilicheka, kisha nikasikitika, maana ndio ulionirudisha kwenye maombi na sijawahi kukusimulia.

Unayajua maombi yangu yalivyokuwa. Karo, kodi, presha ya mama, kazi ya shemeji, amina. Mtu angenisikia kwa mbali angedhani naagiza vitu dukani. Imani haikuwa imenitoka; nilikuwa nimekauka tu.

Basi mwezi wa saba mwaka jana, katika ile baridi yetu, baba watoto alirudi kutoka zamu saa nane za usiku, ufunguo kausahau nyumbani. Nje manyunyu. Akabisha, akaniita polepole asiwaamshe majirani. Nilimsikia vizuri kabisa. Lakini nilikuwa nimeoga, miguu nimeiosha kwa maji moto, nimejifunika gubigubi, na sakafu ya simiti mwezi wa saba unaijua. Nikasema moyoni, akibisha tena nitaamka. Hakubisha tena. Nilipofungua, ngazi zilikuwa tupu. Nikashuka na leso mabegani mpaka getini, nikamkuta ameketi na askari wa ploti wakiota jiko, koti limelowa. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nilidhani umechoka."

Siku chache baadaye, matatu imekwama kwenye foleni ya Barabara ya Jogoo, nikafungua Wimbo sura ya 5. Pale mwanamke anasema: "Nimeivua kanzu, niivaeje? Nimeitawadha miguu, niichafueje?" Mpendwa wake yuko nje, kichwa kimelowa umande, anaomba afunguliwe. Mwanamke anapoinuka, mwenzake ameshakwenda zake, naye anatoka usiku kumtafuta mjini, mpaka walinzi wanampiga. Dada, niliifunga Biblia. Udhuru wa yule mwanamke ulikuwa wangu, miguu na yote, na sikumfikiria baba watoto peke yake. Mara ngapi nimezinduka usiku, moyo unavutwa kuomba, nikageukia ukutani? Nami nilikuwa nikilalamika kwako kwamba Mungu amenyamaza!

Sisemi kila komamanga na kila mbweha mle ndani ni fumbo. Kwanza kabisa ni mwanamume na mwanamke wanaotamaniana, na anayelifunika hilo kwa aibu hana la kujifunza humo. Katika Biblia yetu ya Kiswahili, tafsiri ya Union, jina la Mungu linachomoza karibu na mwisho tu, sura ya 8, pale miali ya upendo inapoitwa "miali ya Yahu". Ila manabii hawakuona haya kuyatumia mapenzi. Hosea anamsikia Mungu akisema atawaposa watu wake. Paulo naye anawaandikia Waefeso habari za mume na mke, mara anageuka na kusema siri hiyo ni kubwa, ananena habari za Kristo na kanisa. Na Wayahudi husoma Wimbo huu wakati wa Pasaka, sikukuu ya kutoka utumwani. Hilo hunipendeza sana: watu wamefunguliwa minyororo, na wanachosoma ni mapenzi.

Umeniuliza nausomaje. Kwa sauti, kabla sijaomba chochote, mstari mmoja au miwili, basi. Wewe na ratiba yako ya kumaliza Biblia nzima kwa mwaka utaniona mvivu, lakini yuko mtawa wa Ufaransa, Bernard wa Clairvaux, aliyeanza kuwahubiria wenzake Wimbo huu mwaka 1135. Alipofariki mwaka 1153 alikuwa ametoa mahubiri 86 na ndiyo kwanza ameigusa sura ya 3. Mimi neno moja tu, "pambaja", lilinipeleka kwenye kamusi, na nilipojua ni kukumbatiana nilikaa nalo juma zima.

Mengine nakuachia wewe. Nywele za mpenzi kufananishwa na kundi la mbuzi mlimani, mimi mtoto wa ploti nilicheka. Wewe uliyechunga mbuzi Kitui, ukawaona weusi wakiteremka kilima jioni, niambie kama kuna uzuri pale. Nadhani upo.

Kuna siku nasoma na sisikii kitu. Naufunga, naanika nguo. Na karo bado naiombea, usidhani nimekuwa malaika. Ila sasa huwa nakaa kidogo kwanza, kama mtu anavyokaa na mwenzake kabla ya kumweleza shida. Jaribu sura ya 2, usiku, watoto wakishalala. Usimwulize mtu ruhusa.

Mama nisalimie, mwambie mahindi yalifika salama. Baba watoto anakusalimu sana. Nilimchongeshea ufunguo wa pili, anautia mfukoni kila zamu, na bado akirudi anabisha.

Ni mimi dada yako,
Mama Watoto wa Umoja