Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Makanisa na Ubaguzi wa Rangi

Ndugu wanachama, Bwana Yesu asifiwe.

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, nawasilisha taarifa ya mwaka unaomalizika. Hesabu za fedha zitasomwa na mhazini, nami sitazigusa. Nitajikita katika ombi la baadhi yenu, mlioitaka kamati itoe tamko la kulaani ubaguzi wa rangi.

Kamati haikutoa tamko hilo, na walioliomba wanastahili kuelezwa sababu. Hakuna mjumbe aliyeona shaka kwamba ubaguzi ni dhambi. Tuliona, hata hivyo, kwamba makanisa yamekwisha kuandika matamko mengi mazuri, na kabla ya kuongeza jingine ilitupasa kujua ni yapi yaliyozaa matunda na ni yapi yaliyoishia kabatini. Kwa hiyo vikao vyetu vya mafunzo vilifuata historia.

Tulijikita zaidi katika historia ya Afrika Kusini, kwa kuwa huko ubaguzi ulilelewa kwa sehemu ndani ya kanisa lenyewe. Mwaka 1857 sinodi ya Kanisa la Reformed la Kiholanzi ilikubali kwamba Maandiko yanawataka waumini wote waabudu pamoja, kisha ikaruhusu watengane kwa ajili ya udhaifu wa baadhi yao. Wadhaifu waliokusudiwa walikuwa Wazungu waliokataa kushiriki Meza ya Bwana pamoja na watu weusi. Ruhusa iliyotolewa kwa kuoneana huruma ikageuka kuwa utaratibu: mwaka 1881 likaundwa kanisa la pembeni kwa ajili ya waumini walioitwa machotara, na serikali ilipofanya utengano kuwa sera yake baada ya uchaguzi wa mwaka 1948, ilikuta wanateolojia walio tayari kuutetea.

Jibu lenye uzito zaidi lilitoka kwa hao hao waliotengwa. Kanisa lililoundwa mwaka 1881 ndilo lililoandika Ungamo la Belhar mwaka 1982 na kulipitisha mwaka 1986, likikiri kwamba Mungu, kwa namna ya pekee, ni Mungu wa maskini na wa aliyedhulumiwa, na kwamba kanisa halina budi kusimama pale anaposimama yeye. Hadi leo muungano kamili kati ya kanisa hilo, ambalo tangu mwaka 1994 limo ndani ya kanisa jipya la muungano, na kanisa mama, yaani lile la Reformed la Kiholanzi, haujafikiwa. Naomba wanaodhani kwamba maungamo huponya majeraha kwa haraka walitafakari hilo.

Tulijifunza pia kwamba upinzani huanza hasa pale fedha zinapotoka. Mkutano Mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1977, ulitamka kwamba kuukataa utengano wa rangi Afrika Kusini ni suala la imani yenyewe, wala haliwezi kuachiwa wanasiasa. Lilikuwa neno zito. Lakini Baraza la Makanisa Ulimwenguni, lililoanzisha mpango wake wa kupambana na ubaguzi mwaka 1969, lilishambuliwa vikali zaidi pale mfuko wake maalumu ulipoanza kuvisaidia vyama vya ukombozi, ingawa misaada hiyo ilikusudiwa kwa shughuli za kibinadamu. Jeshi la Wokovu lilijitoa katika Baraza hilo mwaka 1981. Binafsi siwadharau waliohofu kwamba sadaka ingeishia kwenye silaha. Hoja yao ilistahili kujibiwa kwa heshima kuliko ilivyojibiwa.

Kuhusu Marekani nitasema machache. Wabaptisti wa Kusini waliunda jumuiya yao mwaka 1845 katika mgogoro uliohusu wamisionari wenye watumwa, na waliomba radhi mwaka 1995. Aprili 1963, Martin Luther King, mchungaji aliyeongoza harakati za haki za Wamarekani weusi, akiwa gerezani Birmingham, aliwajibu viongozi wanane wa dini waliosema maandamano yake hayakuja kwa wakati wake. Wengi wao hawakuwa watu wakatili. Walitaka utulivu kwanza, na hapo ndipo wengi wetu tungejikuta tumesimama.

Hatua iliyotuvutia zaidi ni ile ya Kanisa la Uingereza, ambalo lilifungua vitabu vyake vya kale, likathibitisha kwamba mfuko mmoja wa kuwatunza makasisi uliwekeza katika kampuni ya biashara ya watumwa, na mwaka 2023 likatangaza kutenga pauni milioni 100 kwa ajili ya jamii zilizoathirika. Uchunguzi ulitangulia, ahadi ikafuata.

Huduma za dharura kwa wenye shida ziliendelea kama kawaida, nazo hazihitaji maelezo marefu, isipokuwa kwamba kamati ingependa kila anayegawa msaada aandike pia sababu zilizomfikisha mwombaji katika hali hiyo.

Kwa hiyo, badala ya tamko, kamati inaleta azimio: kila kanisa mwanachama lichunguze jinsi mali zake zilivyopatikana, ni akina nani wanaokaa katika mabaraza yake na ni akina nani hawajawahi kupewa mimbari, kisha lilete matokeo kwa maandishi kabla ya mkutano mkuu ujao. Kanisa litakaloshindwa kufanya hivyo litaeleza sababu mbele ya wanachama wote. Kura itapigwa mara baada ya taarifa ya mhazini.

Mwenyekiti