Barua ya kujieleza isije mikono mitupu

Mhariri,

Mwezi uliopita wenzangu wawili waliniletea barua za aina moja, kila mmoja kaikunja yake mara nne kama mtu anayeficha deni. Zilitoka kwa baraza linalotoa leseni ya kazi yao, zikiwataka wajieleze kwa nini wasichukuliwe hatua za nidhamu. Mmoja alikuwa ameshaandika majibu. Nilimsihi asiyapeleke, nikamsimulia yaliyonipata mimi.

Yangu niliipokea Ijumaa jioni, miaka kadhaa iliyopita. Kazi yenyewe sitaitaja, wala baraza, kwa kuwa leseni ile ndiyo inayonilisha. Ilikuwa na aya mbili tu: nimelalamikiwa kwa "utovu wa maadili ya kazi", nina siku 14 za kujibu. Nani kalalamika, lini, kwa lipi hasa, haikusema. Usingizi uliniruka. Kufikia alfajiri nilikuwa nimejaza kurasa nne, najitetea kwa mambo ambayo hakuna aliyeniuliza. Mahali fulani, nikitaka nionekane mnyenyekevu, nikaandika kwamba kazi ikizidi huenda nikachelewa kutia saini kumbukumbu.

Mbele ya kamati, sentensi hiyo ndiyo iliyosomwa kwanza. Ilikuwa imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Malalamiko yenyewe niliyaona siku hiyo hiyo, pale mezani, na tarehe iliyotajwa ilikuwa ya wiki niliyokuwa likizoni. Fomu ya likizo nilikuwa nayo, ila ilikuwa nyumbani sandukuni. Nikaomba kikao kiahirishwe niilete. Nikaambiwa majibu yangu yanatosha. Nilipewa onyo, na limo kwenye faili yangu mpaka leo.

Baadaye ndipo nilipojua sheria ilikuwa upande wangu. Kifungu cha 47 cha Katiba yetu ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa na wenye mamlaka kihalali, bila kucheleweshwa na kwa utaratibu wa haki. Mwaka 2015 Bunge likatunga sheria ya kutekeleza kifungu hicho. Sehemu yake ya 4 haina mafumbo: kabla ya uamuzi unaoweza kukuumiza, unapaswa kupewa notisi ya mapema yenye sababu, nafasi ya kusikizwa na, inapohusika, taarifa na ushahidi utakaotumiwa dhidi yako, pamoja na kuelezwa haki ya kuwa na wakili na ya kuwahoji wanaotoa ushahidi dhidi yako. Hata kuomba kikao kiahirishwe, pale inapohitajika ili usikizwe kwa haki, kumo humo. Sehemu ya 6 nayo inasema ukiomba sababu za uamuzi, anayehusika ana miezi mitatu kukupa. Asipotoa, kesi ikifika mahakamani uamuzi wake utachukuliwa kuwa haukuwa na sababu ya maana, isipokuwa athibitishe vinginevyo.

Haki hizi nilizijua kwa kusimuliwa na wakili aliyekuwa abiria mwenzangu kwenye matatu. Baraza halikunieleza, ilhali ada ya leseni nikilipa, ujumbe wake wa simu huingia kabla sijatoka dukani kwa wakala.

Sitetei wazembe. Mgonjwa aliyeumizwa, na pia mzazi ambaye mwanawe amedhulumiwa, wana haki ya kulalamika na kupata jibu. Lakini malalamiko yaliyofichwa hayamsaidii hata mlalamishi, kwa sababu uamuzi wa namna hiyo ni rahisi kuangushwa kortini.

Ombi langu kwa mabaraza yote ya taaluma ni dogo. Barua ya kumtaka mtu ajieleze iambatishwe nakala ya malalamiko na ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kiingereza, unaotaja haki hizo, siku za kukata rufaa na mahali pa kuipeleka. Rufaa hiyo ya ndani, ile ya kabla ya kwenda mahakamani, nimeitaja makusudi: kwa kawaida Mahakama Kuu haikusikilizi kabla hujaimaliza, na wengi hulijua hilo siku zikiwa zimepita.

Nanyi wenzangu, msijibu usiku ule ule, na msinyamaze mpaka muda uishe. Kumbukumbu za kazi zisiguswe kabisa. Kurekebisha tarehe baada ya barua kufika ni kujizulia kosa la pili, pengine la jinai, hata kama la kwanza hukulitenda.

Yule mwenzangu tuliyachana majibu yake tukaandika mistari mitano: barua nimeipata, naomba nakala ya malalamiko na ushahidi uliopo, naomba siku zangu zihesabiwe kuanzia nitakapovipokea. Aliipeleka mwenyewe, akasimama dirishani mpaka nakala yake ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Wa pili siku zake zinaisha Jumatano, na bado hajaambiwa aliyemlalamikia anasema nini.

Mwenye leseni,
Nakuru