Vikorombwezo vya kiti cha mtoto garini vinunuliwe kwa uangalifu

Mhariri,

Mzazi akishanunua kiti cha mtoto cha kwenye gari, huanza kuuziwa vya kuongezea: mto wa kichwa, sponji ya mgongoni, vifuniko vinene vya mikanda, kioo cha kumtazamia mtoto. Muuzaji husema vyote ni kwa raha ya mtoto. Vingi kati ya hivyo huharibu kazi ya kiti.

Kiti hupimwa kwa kugongeshwa kikiwa na vipande vilivyokuja nacho tu. Ukiweka sponji ya sentimita tatu mgongoni mwa mtoto, utakaza mkanda na kuona umembana sawasawa. Gari likigonga, sponji inabonyea, na unene ule wote unageuka ulegevu; mtoto anarushwa mbele kabla mkanda haujamdaka. Mto wa nyuma ya kichwa nao humsukuma mtoto mchanga kidevu kifuani, na njia yake ya hewa ni nyembamba.

Ukishakaza, jaribu kuufinya mkanda begani kwa kidole gumba na cha shahada, kwa urefu wake. Ukikunjika, bado umelegea. Kwa mtoto anayetazama nyuma, mikanda itokee usawa wa mabega au chini kidogo. Anayetazama mbele, usawa wa mabega au juu kidogo. Sweta nene ivuliwe kwanza. Hata kwa baridi ya Mbeya mwezi wa Julai, mtoto afungwe mkanda, ndipo afunikwe blanketi kwa juu.

Kichwa kikilalia upande, kunja kanga mbili, weka moja kila upande wa kichwa, nje ya mikanda. Inatosha, na haina gharama.

Kwa mtumba, anza na kibandiko cha rangi ya chungwa chenye herufi E ndani ya duara. Namba iliyo kando ya E ni ya nchi iliyotoa idhini, si daraja la ubora, muuzaji asikubabaishe. Tazama namba ndefu ya idhini: ikianza na 03 au 04, kiti kilipimwa kwa matoleo ya baadaye ya R44, kanuni ya Umoja wa Mataifa ya usalama wa viti vya watoto garini. Vya 01 na 02 Ulaya haviruhusiwi kutumika tangu 2008. Usivinunue hata kwa bei ya kutupa. Vipya zaidi huandikwa R129, yaani kanuni iliyofuata, na hivyo humtaka mtoto atazame nyuma mpaka apite miezi 15.

Kinachopotea sana kwenye mtumba ni kile kitako kidogo cha mtoto mchanga, yaani kimto cha kuwekwa ndani ya kiti, kilichokuja na kiti chenyewe. Kikikosekana, cha kiti kingine hakifai, na sponji ya fundi wa makochi ndiyo kabisa. Mikanda ikiwa michafu, ipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Ukiiloweka kwenye jiki, nyuzi hudhoofika bila kuonekana.

Kioo kikifungwa kwa kamba hafifu huchomoka gari likigonga na kuruka humo ndani. Wengine wakikosa kioo huhamishia kiti mbele ili wamwone mtoto. Hapo ni hatari kuliko yote: kiti cha kutazama nyuma kikiwa mbele ya eabegi (mfuko wa hewa unaofumka gari likigonga) inayofanya kazi, ikifumka hukipiga kiti mgongoni, palepale kilipo kichwa cha mtoto.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam