Dua ya kumkumbuka Babu, Jumamosi

Assalaam alaykum ndugu, jamaa na majirani,

Dua ya Babu yetu, Allah amrehemu, sasa ni Jumamosi hii badala ya Jumapili, ili wanaotoka Arua na Gulu wapate siku ya kurudi. Ni palepale nyumbani kwake Bombo, mara baada ya swala ya Adhuhuri.

1. Mchango ni Sh 20,000 kwa kila nyumba, umfikie mweka hazina kabla ya Jumatano jioni. Asiye nacho aje tu, dua yake tunaihitaji.

2. Wapishi wa kisra na mchuzi, Ijumaa alasiri kwa shangazi. Vijana: turubai, mikeka na maji.

3. Baada ya kisomo wajukuu watasoma maisha yake, na hapa naomba sana msaada wenu. Babu alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), batalioni ya nne, ile ya Uganda, iliyopigana Burma mwaka 1944 katika mvua na matope ya bonde la Kabaw. Ya vita hakupenda kuyasimulia. Watoto wake wote aliwasomesha Kurani mwenyewe, na Alfajiri alikuwa msikitini hata miguu ilipomuuma. Mwenye picha, barua au jambo alilowahi kumsikia akisema, alitume humu. Nishani zake zitakuwepo, watoto wazione.

Tafadhali kila nyumba ijibu kufikia Jumanne usiku: mnakuja wangapi, na wangapi watalala?