Wavuvi wapya wa ndoano wapewe mwalimu, si kipimo peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonisumbua kuhusu vijana wanaoanza uvuvi wa ndoano katika mialo yetu (vituo vya kupokelea samaki) ya Ilemela, kando ya Ziwa Victoria, kwa kuwa naamini tunawapoteza kwa namna inayomwumiza hata sangara tunayetaka kumlinda.

Mwaka jana mpwa wangu, kijana wa miaka 19, aliniomba nimfundishe kuvua kwa mshipi. Tulitoka Igombe kwa mtumbwi wa makasia kabla ya mapambazuko, na jua lilikuwa limeshapanda alipomnasa sangara wake wa kwanza. Nina ubao niliougongomea misumari miwili kuonyesha urefu wa chini wa samaki anayeruhusiwa kuvuliwa, mmoja kwenye sentimita 25 kwa ajili ya sato na mwingine kwenye sentimita 50 kwa ajili ya sangara. Tulimlaza samaki juu yake, mkia ukaishia vidole vinne kabla ya msumari wa pili. Nilimwambia amrudishe, naye akamrudisha bila kubisha. Lakini samaki huyo alikuwa ametolewa kwenye kina kirefu, bondo, yaani kifuko cha hewa cha tumboni, limejaa hewa na tumbo limekuwa gumu kama mpira, kwa hiyo hakuweza kuzama. Alielea kiubavu, na muda si mrefu furukombe alishuka akamnyakua mbele ya macho yetu. Kijana akaniuliza swali moja tu: "Mjomba, sasa tumemwokoa nani?" Sikuwa na jibu. Wiki chache baadaye nilisikia amejiunga na kundi la kokoro, wavu mrefu unaovutwa hadi ufukweni, ambako hakuna anayepima chochote.

Simlaumu, wala siombi kipimo kilegezwe. Sangara aliye chini ya sentimita 50 kwa kawaida bado hajazaa, na kumvua ni kula mbegu. Kokoro nalo limepigwa marufuku kwa sababu nzito, kwani hukokota chini kwenye maji ya kina kifupi na kuzoa samaki wachanga wa kila aina. Ninachosema ni kwamba kijana anayekutana na katazo kabla hajakutana na mwalimu atakwenda mahali ambapo katazo halifiki, na huko madhara yake kwa ziwa ni makubwa kuliko ya mshipi mmoja.

Shemeji yangu anaishi Pennsylvania, Marekani, ambako huwinda kwa upinde kulungu wenye mkia mweupe, katika shamba ambalo yeye na wenzake wanalitumia kwa pamoja. Tangu mwaka 2002 jimbo hilo humtaka mwindaji aliye mtu mzima amwache dume ambaye pembe zake hazijafikisha idadi fulani ya ncha, ili madume wachanga wakue, ilhali kijana mwenye leseni ya watoto huwekewa sharti jepesi zaidi. Wenye shamba waliwahi kujiwekea masharti makali kuliko ya serikali, na kwa kuwa mshale humlazimu mtu amsogelee mnyama karibu sana, wanafunzi wao walikaa msimu mzima bila kuachia mshale hata mmoja, kisha wakakata tamaa. Siku hizi mgeni wao huanza kwa kuwinda jike kwa kibali cha majike, jambo linalohitajika hasa, maana kulungu wakizidi huumaliza msitu na mashamba. Nilivutiwa na busara hiyo: hawakumpa mwanafunzi ruhusa ya kuharibu, bali walimtafutia kazi inayolifaa kundi la wanyama na ambayo yeye anaiweza.

Sisi hatuwezi kuwaiga kwa kumruhusu mwanafunzi avue samaki wadogo. Tunaweza hata hivyo kumpa kile ambacho wazee tumekishikilia, yaani maarifa na mahali. Ndoano kubwa yenye chambo kikubwa hupunguza sana idadi ya samaki wadogo wanaonasa, na nilikosea kumfungia mpwa wangu ndoano ndogo kwa kufikiri kwamba ndiyo rahisi kwa anayeanza. Tena kila mvuvi wa siku nyingi anajua miamba miwili mitatu ambako sangara wakubwa hupita, na hapo ndipo tunapaswa kumpeleka mgeni, hata kama siku hiyo sisi wenyewe tutarudi na ndoo nusu.

Napendekeza BMU za mialo yetu, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za uvuvi, ziwaandikishe wavuvi chipukizi chini ya wazee wanaojulikana, kwa mwaka mmoja, na mzee awajibike kwa zana za mwanafunzi wake. Maofisa uvuvi wanaofika mwaloni wakati wa doria waombwe kuja pia siku isiyo ya doria, wakiwa na rula na muda wa kuzungumza. Ziwa hili halina uzio, na samaki tunayemwacha Igombe huenda akavuliwa Ukerewe, au akavuka hadi Uganda au Kenya, kwa hiyo mwalo mmoja hautatosha, lakini lazima kuwe na mwalo wa kwanza.

Ubao wangu wa misumari ninauacha kwenye banda la kupokelea samaki, na BMU yoyote inaweza kuja kuchukua vipimo vyake. Mpwa wangu ameanza tena kuulizia mshipi wake. Jumamosi ijayo tutatoka, safari hii na ndoano kubwa.

Mvuvi wa ndoano,
Igombe, Ilemela, Mwanza